Waya wa Kwenda Kinuni

Mwanarusi alipoajiriwa katika kiwanda cha sukari kusini ya Msambweni, nchi ilikuwa imejitawala miaka michache tu, na meneja, Bwana Garama, alikuwa bado anakizoea kiti alichoachiwa na Mzungu. Kazi aliyopewa binti huyo ilikuwa ya kuagiza miwa. Kila asubuhi aliangalia wanunuzi wa Mombasa wameahidiwa sukari kiasi gani, akapima miwa inayohitajika, kisha akawaambia manyapara mashamba ya wakulima yatakayokatwa siku hiyo. Manyapara walikwenda, mapanga yakaanza kazi, na matrekta yakavuta matela kuelekea kinuni.

Ofisi ilikuwa kando ya barabara kuu. Kinu kilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa kumtoa mtu jasho, na yaliyotokea huko ofisi haikuyajua. Fundi mkuu, Mzee Rai, Mduruma wa Kinango, alizijua rola zake za kukamulia miwa kwa mlio, lakini hakuwa na desturi ya kuwapasha habari watu wa makaratasi. Rola zikikwama, alizikwamua mwenyewe, akanyamaza. Ofisi ilipokuja kusikia, miwa ilikuwa imekwisha kukatwa, imelala chini.

Siku moja mjane mmoja, Bi Mbodze, aliyelima upande wa Lunga Lunga, alirudishwa kutoka kinuni na tela lake zima la miwa. Kinu kilikuwa kimesimama tangu juzi, na miwa yake ilikuwa imesubiri juani hata ikachachuka. Mama yule hakugomba. Alikwenda mpaka dirishani kwa Mwanarusi, akauliza kwa upole, "Mwanangu, ni nani aliyesema nikate?"

"Ni mimi, mama," alijibu Mwanarusi.

Jioni ile alivuka daraja kwa miguu akamtafuta Mzee Rai. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa vizuri, akapewa na kiti. Lakini alipoomba apelekewe habari kila kinu kinaposimama, mzee alitikisa kichwa.

"Ofisi ikijua nimesimama, haitaniuliza nitaanza lini," alisema. "Itaniuliza kwa nini nimesimama."

Mwanarusi alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Mafundi walikatiza mazungumzo kila alipoingia, wakidhani ametumwa kuwachunguza. Bwana Garama naye alimwambia kuwa mahali pake ni mezani. Mwanarusi aliomba awe anakwenda katika saa yake ya mapumziko, na meneja hakupata sababu ya kumkatalia.

Asubuhi moja alizikuta rola kimya. Alirudi mbio ofisini, na kwa kuwa Bwana Garama alikuwa amekwenda mkutanoni Matuga, alijiamulia mwenyewe kusimamisha ukataji katika mashamba yote. Kumbe ni mkanda tu uliokuwa umechomoka. Mzee Rai aliurudisha mara moja, kinu kikaanza kusaga, na kabla ya alasiri hapakuwa na muwa wa kutia. Boila za kuchemshia maji ya mvuke ziliunguza kuni bure, na wafanyakazi wakakaa kivulini mikono mitupu.

Bwana Garama aliwaita wote wawili. Mwanarusi alilaumiwa kwa kujichukulia madaraka, Rai kwa kuficha habari. Binti alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama.

"Kosa ni langu, bwana," alisema. "Nilijua kinu kimesimama, sikujua kitasimama kwa muda gani. Hilo analijua Mzee Rai. Naye hajui miwa iliyokatwa iko wapi, hilo nalijua mimi. Naomba mtuunganishe."

Meneja alisema kampuni haikutenga fedha kwa ajili ya simu ya kwenda kinuni. Hapo Mzee Rai, aliyekuwa akitazama sakafu muda wote, alisema kwamba ghalani kuna simu mbili za jeshi, za kuzungusha mkono, zimekaa tangu vita vya Wazungu pamoja na waya wake. Hakueleza kwa nini amegeuza nia. Aliweka sharti moja tu, kwamba kwenye waya huo atazungumza habari za miwa na si nyingine. Garama alikuna kidevu, akakubali.

Waliufunga waya kwenye minazi, wakaupitisha chini ya daraja. Mvua ya kwanza iliuangusha. Mwanarusi alijifunga leso kiunoni akaenda na mafundi matopeni kuuokota, huku wapita njia wakicheka. Safari ya pili walisimamisha nguzo za mikoko, na waya ukatulia.

Haukupita muda mrefu simu ikalia. Shafti ya kuzungusha rola ilikuwa imepasuka, na Mzee Rai alikadiria kazi ya siku mbili au zaidi. Miwa iliyokwisha kukatwa, ikifunikwa majani isichachuke, ingemtosha kuanzia, alisema, iliyobaki iachwe imesimama shambani. Mwanarusi aliwatuma matarishi kwa baiskeli kwa manyapara wote. Kisha aliwapigia wanunuzi wa Mombasa kwa simu kuu ya ofisi, akawaomba radhi, akawaambia wasitoe malori yao kwanza. Walinung'unika, lakini hapana lori lililokuja bure, na hapana mkulima aliyerudishwa njiani.

Bi Mbodze hakuwamo miongoni mwao. Alikuwa ameng'oa miwa yake na kupanda mahindi, na Mwanarusi alipokwenda kumsihi, alikaribishwa uji, akaambiwa shamba halirudi nyuma.

Mafundi walimzoea Mwanarusi. Miwa ya kuchachuka ikawa jambo la nadra, na Bwana Garama akaanza kuwaonyesha wageni ile simu kana kwamba ni yeye aliyeibuni.

Kisha asubuhi moja, kinu kikienda vizuri, Mzee Rai alipiga. Mwanarusi alishika kalamu akidhani kumeharibika kitu. Mzee alikohoa kwanza.

"Nataka kusimamisha kinu siku moja nizisafishe boila," alisema. "Niambie, mwanangu, Mombasa mmewaahidi nini wiki ijayo?"

Mwanarusi alivuta kiti karibu na meza, akaanza kumsomea.