Kofia ya Kwenda

Juma lililopita nilikuwa Kiembeni kwa mwanangu, nimekaa sebuleni najikanda goti, televisheni imewashwa kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Mjukuu wangu, ambaye ajua kila jambo la mpira na hajui kufua soksi zake, alikuwa akitazama mchezo wa huko Ulaya. Kabla hawajaanza, akatoka mzee mmoja wa suti akamkabidhi mchezaji kofia ndani ya kisanduku cha kioo. Watu wakapiga makofi. Mjukuu akanieleza, kwa subira ya mtu anayemfundisha nyanyake, kwamba huko mtu akiichezea nchi yake hupewa kofia, na wachezaji wakubwa huhesabiwa kwa kofia zao. Huyu anazo hamsini, yule mia.

"Najua," nikamwambia. "Hata kwetu Likoni ilikuwako moja. Niliifua mimi."

Akacheka. Alidhani namtania.

Wallahi sikumtania, na wewe rafiki yangu nakuomba usicheke mpaka nimalize.

Miaka ya hamsini ilikuwa yaelekea mwisho, nasi tulikaa Likoni, upande wa kwenda Mtongwe, katika nyumba ya makuti yenye baraza ndefu mbele. Tulikuwa watano: babu, nyanya, mamangu, mjomba na mimi. Babu alikuwa mshona kofia. Si za cherehani. Alishona kwa mkono zile nyeupe za viua, vile vitundu vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi mpaka kikasimama chenyewe. Kofia moja njema ilimla miezi mitatu, minne. Alikuwa barazani tangu jua halijapanda, miwani puani, sindano mkononi, na ukimpita bila shikamoo alikuita urudi ulikotoka upite upya.

Kazi yangu mimi ilikuwa ya Alhamisi. Kofia zote za Ijumaa, za nyumbani na za wateja wawili watatu wa babu, zililetwa kwangu uani. Niliziroweka kwa sabuni katika karai, nikazipiga brashi polepole viua visikatike, nikazisuza, kisha nikazitia kanji. Kanji ya muhogo, imepikwa nzito, harufu yake kama uji uliosahauliwa sukari. Kofia ikishalowa kanji huvishwa faroma, kigogo cha mti kilichochongwa kwa umbo la kichwa, ikakauka juani imesimama. Nilikuwa na miaka kumi na kazi hiyo niliijua barabara, tena nilijivuna nayo. Babu alikuwa akisema kofia isiyo kanji ni kitambaa cha kushikia sufuria.

Mjomba ndiye aliyekuwa mwanawe wa pekee wa kiume. Mchana alifanya kazi bandarini, jioni alicheza mpira, na alicheza hasa. Watu walivuka feri kutoka kisiwani kuja kumtazama katika kiwanja chetu cha mchanga na mbigili. Mimi si mtu wa mpira, lakini nilizijua siku alizofunga, maana alirudi akiimba. Basi mwaka mmoja akachaguliwa kuchezea Kenya, waende wakacheze na Uganda huko kwao. Nyanya wakati huo alikuwa mgonjwa, amelala chumba cha ndani, hali yake si nzuri wala si ya kukatisha tamaa.

"Usende," babu alimwambia.

"Ni siku chache tu, baba. Nitarudi."

Mjomba akenda.

Nyanya alifariki asubuhi ya siku ileile ya mchezo, akazikwa alasiri. Kwetu maiti hangojei treni. Telegramu iliyopelekwa ilimkosa. Mjomba alirejea siku ya nne, akateremka kwenye feri na shali aliyomnunulia mamake imekunjwa vizuri kwapani, akatembea njia nzima akiamkiana na watu wasiojua wamwambie nini. Alipofika nyumbani wanaume walikuwa wakikunja majamvi ya matanga. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona akihesabu majamvi kwa macho, akatazama chumba cha ndani, akaketi chini palepale mchangani na ile shali.

Babu hakumpiga wala hakumfukuza. Aliacha kusema naye tu. Mjomba akiingia akitoa salamu, babu aliitikia "Wa alaykumu salaam", kwa sababu kuitikia ni faradhi, naye hakuwa mtu wa kuacha faradhi kwa hasira. Baada ya hapo, kimya. Kama ana neno, alinipa mimi. "Mwambie mjombako paa lavuja upande wa jikoni." Mjomba yuko hatua mbili kutoka alipo, na paa analiona. Mimi nageuka: "Mjomba, babu asema paa lavuja upande wa jikoni." Naye: "Mwambie babako mkubwa nitapanda kesho." Alimwita hivyo alipochoka, kwa kejeli, kana kwamba si babake yeye, na babu alijifanya hakusikia. Miaka miwili tulikula sinia moja hivyo. Mamangu alisema hawa wawili watamtia yeye kaburini kabla ya siku zake.

Kofia yenyewe ilikuja katikati ya kimya hicho. Mzungu mmoja wa chama cha mpira alikuwa ameleta desturi ya kwao, akawagawia waliosafiri mwaka ule. Mjomba alikuja nayo katika boksi la karatasi ngumu. Ilikuwa ya mahameli, buluu ya kuiva, imegawanywa vipande kama chungwa lililomenywa, juu ina kishada cha uzi wa dhahabu, mbele ina kidomo kifupi cha kuzuia jua, na juu ya kidomo pametariziwa maandishi. Jirani yetu, mama aliyeuza mahamri, aliigeuza huku na huku.

"Kofia gani hii, yina mdomo na mkia? Mtu asujudu vipi na mdomo huu?"

Tulicheka sote ila babu, ambaye alikuwa barazani na hakuinua kichwa. Mjomba akairudisha boksini, akaitia sandukuni chini ya kitanda. Hakuivaa hata mara moja.

Ikafika Ramadhani ya mwaka uliofuata. Mjomba alikuwa amepata kazi ya reli Nairobi, aondoke siku ya tatu ya Idd. Nilimsikia akimwambia mamangu jikoni: "Nikiondoka na baba hajasema nami, dada, sirudi tena hapa. Nitarudia nini?" Mamangu alikuwa akikanda unga wa vileja. Aliendelea kukanda, na machozi yakamdondokea mikononi.

Hayo yalinishika. Nilimpenda mjomba kuliko nilivyojua kusema. Nikawaza, kwa akili yangu ya miaka kumi, kwamba babu ni mtu wa kofia. Asubuhi ya Idd kila mtu humbusu babake mkono akamwomba radhi. Mjomba akija mbele yake amevaa kofia aliyopewa na serikali nzima, babu ataitazama, na akiitazama atashindwa asiseme neno. Lakini haiwezekani ionekane vile ilivyo, laini, imebonyea kwa kukaa sandukuni. Nani huvaa kofia isiyo kanji siku ya Idd?

Siku ya mwisho ya kufunga, mjomba yuko kazini, niliitoa. Nikaitumbukiza karaini pamoja na zile nyeupe tano za Idd. Kofia ni kofia.

Mwenye kujua mahameli ashajua kilichotokea. Maji yaligeuka wino. Nilidhani ni uchafu, nikasema kumbe ilikuwa chafu hivi, nikasugua zaidi. Kile kidomo ndani yake kilikuwa karatasi, kikavimba, kikatoka vipande vipande vidoleni mwangu. Mahameli yakanywea kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Hata hivyo niliitia kanji, kwa ukaidi, nikailazimisha juu ya faroma mpaka mshono wa nyuma ukafumka. Nilipozitazama zile tano nyeupe, zilikuwa buluu, na mojawapo ilikuwa ya babu ya Idd, aliyojishonea mwenyewe miezi minne.

"Yallah! Umefanyani, wewe mwana?" Mamangu alisimama mlangoni na mwiko. "Umefanyani?"

Nilikimbilia nyuma ya pipa la maji. Huko ndiko alikonikuta mjomba alipotoka kazini. Alikuwa amekwisha kuiona. Nilimweleza yote, hata ya kubusu mkono, nikilia na kamasi zikinitoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, mdomo mkavu wa saumu.

"Haidhuru," akasema. "Ni kitambaa tu."

Akaichukua faromani ikidondoka kanji, akapita nayo barazani akienda kuitupa jalalani. Na babu akasema, uso kwenye sindano yake:

"Mwambie mjombako asiitupe. Ailete."

Nikamwambia mjomba asiitupe, ailete. Akaileta. Babu aliikamua, akaipangusa kwa shuka yake, akaifumua bitana kwa ncha ya mkasi. Alizitazama nyuzi za ndani, akasema polepole kuwa aliyeshona hii alikuwa na mkono lakini hakuwa na wakati. Kisha akapapasa yale maandishi. Babu alisoma Qurani na barua za Kiarabu, herufi za Kizungu hakuzijua.

"Hapa pasemaje?"

Nikasoma. Palikuwa na mwaka, na jina la Uganda.

Babu akauliza: "Ni siku ile?"

Niligeuka kumpelekea mjomba swali lake, kama ilivyokuwa kazi yangu miaka miwili. Nikakuta mjomba ashaganda. Nikamrudia babu kwa macho, na babu hakuwa akinitazama mimi.

"Naam, baba," mjomba akasema. "Ni siku ile."

"Mlishinda?"

"Tulifungwa, baba. Matatu kwa bila."

"Mlifungwa, na kofia wakakupa?"

"Si ya kushinda, baba. Hata ukifungwa hupewa. Hii ni ya kwenda tu."

"Ya kwenda," babu akasema.

Nilidhani sasa ataitupa yeye. Aliitia mapajani, akanipa sindano nimtungie uzi, maana jua lilikuwa lashuka na macho yake hayakuwa mazuri saa hizo. Nikatunga. Akashona mshono ule wa nyuma, urefu wa vidole vinne hivi, kabla hajasema tena.

"Mamako alikuulizia. Mara mbili. Nikamwambia waja, u feri, wavuka sasa hivi." Akavuta uzi. "Mimi, mtu wa swala tano, nimemwambia uwongo mtu anayekata roho. Hilo ndilo lililonikaa, si mpira wako."

Mjomba alilia pale barazani, mtu mzima, wapita njia wakiona. Babu hakumgusa wala hakumwambia nyamaza. Alishona mpaka adhana ya magharibi, akafuturu kwa tende na maji, akairudia. Kidomo hakukirudisha. Kishada alikikata akanipa mimi nichezee.

Kesho yake babu alikwenda kuswali Idd na kofia yake ya viua, sasa buluu iliyopauka, na alipoulizwa msikitini ni mtindo gani huo, akasema ana mjukuu fundi. Mjomba alivaa ile yake, imekuwa kofia ya kawaida ya mviringo, yenye mishono miwili ya mikono miwili. Siku ya tatu akapanda treni. Wakawa wakiandikiana barua. Za babu nilizisikia akizisoma kwa sauti kabla ya kuzitia bahasha, na nyingi zilihusu paa.

Nyumba ile haipo. Pamejengwa ghorofa, chini pauzwa simu. Kofia za siku hizi huja zimefungwa plastiki, zimeshonwa na mashine nchi za mbali, na mjukuu wangu ukimwambia faroma atakuuliza ni duka gani. Mimi sina kinyongo na hayo. Nimezeeka, na goti langu lanishughulisha zaidi. Ile ya mjomba sijui ilipotelea wapi.

Babu alifariki miezi michache kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa. Mjomba alipata telegramu mara hii, akapanda treni ya kwanza, na bado hakuwahi. Alitufikia kesho yake, babu amekwisha kuzikwa. Alitoa salamu barazani, watu wote wakaitikia, wakasimama, wakampa mkono wa pole, wakampisha akae. Kila mtu alisema naye. Mamangu alimletea kahawa, na majirani wakamwambia hana kosa, njia ni ndefu. Alikaa kikombe mkononi bila kunywa, kisha akaniita kando, mimi niliyekuwa sasa mwanamwali wa miaka kumi na nne.

"Nimekuja njia nzima nikijua mtu ataninunia," akaniambia. "Nilikuwa tayari. Kumbe wa kuninunia ndiye mliyemzika."