Watahiniwa Wetu Wote

Harufu ya rangi ya mafuta hunikera hadi leo. Juzi jirani yangu alikuwa akipaka geti lake, nami nikafunga madirisha yote kwa hasira ambayo yeye, maskini, hakuielewa. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya kipindi kile cha mwaka ambapo shule za kulipia za Kisumu zilipaka upya mbao zao langoni, kila moja ikitangaza imepeleka watoto wangapi chuo kikuu.

Shule zilizoshindana hasa, miaka ile ya mwanzo wa tisini, zilikuwa mbili. Moja ilikuwa mlimani na nyingine karibu na ziwa, nasi tuliziita tu ya Juu na ya Chini, jambo lililowaudhi sana watu wa Chini. Dada yangu Akinyi alisoma ya Juu. Mtoto wa jirani yetu Mzee Odera alisoma ya Chini. Kila Jumapili baada ya kanisa Mzee Odera alikuja kwetu kunywa chai, na kabla sukari haijayeyuka kikombeni yeye na Baba walikuwa wameshaanza.

"Sisi mwaka huu tumepeleka wengi kwa udaktari," Baba alisema, yeye aliyeishia darasa la saba na kuwa karani wa ghala la pamba.

"Sisi nasi ni uwakili," alijibu Mzee Odera, fundi wa baiskeli.

Ungedhani wao ndio waliokaa chini wakafanya mitihani. Baba akizidiwa alikimbilia Biblia: mti hutambuliwa kwa matunda yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na mti ule niliuamini kwa moyo wangu wote.

Akinyi alipoingia kidato cha nne, alikuja nyumbani na barua. Yeye na wenzake watano walikuwa wameteleza katika mtihani wa kufunga mwaka, na mwalimu mkuu alitaka majina yao yaandikishwe katika kituo kingine. Wangeendelea kusoma palepale na kuvaa sweta ileile ya kijani, lakini mtihani wa taifa wangeufanyia katika shule ndogo ya kutwa kule Awasi. Basi neno kituo mimi nilikuwa nimefundishwa darasani wiki hiyohiyo, na mwalimu wetu alikuwa amechora basi ubaoni. Nikamwona dada yangu akiandika mtihani katikati ya makondakta na wauza mahindi ya kuchoma. Nilimwuliza Mama ni nani atakayembebea dawati. Mama alicheka hadi akajifuta macho kwa leso, kisha ghafla akarudi kupepeta mchele wake.

Jumamosi Baba alinichukua tukapanda mlimani kuonana na mwalimu mkuu, mtu wa sauti ya upole aliyepanga kalamu zake mezani kwa urefu.

"Bwana, hii ni kwa faida ya mtoto," alisema. "Huko hakuna presha." Kisha akanitazama mimi. "Na huyu mdogo anamaliza lini la nane?"

"Achieng bado miaka tatu," Baba akasema.

"Nafasi yake iko hapa. Mzazi akituelewa, na sisi tunamwelewa."

Baba aliomba siku mbili za kufikiri. Jioni ile alikaa na Akinyi nje kwa muda mrefu, nami nikatumwa chumvi ambayo nyumbani ilikuwepo tele. Jumatatu alipeleka fomu ikiwa na sahihi. Kwangu habari kubwa ilikuwa moja tu, kwamba nimepata nafasi shule ya Juu. Nilirukaruka ua mzima kwa furaha, na ninapokumbuka ile miruko natamani kujizaba kofi.

Mvua za Novemba zilikuja kwa fujo mwaka ule. Siku ya kemia ya vitendo maji yalikuwa yamefunika barabara pale Ahero, na Akinyi alishuka garini akavuka kwa miguu, sketi ameikunja na viatu kavishika mkononi. Alifika Awasi watahiniwa wa huko wakiwa katikati ya mtihani. Wale waliobaki mlimani waliamka, wakanywa uji, wakatembea hatua chache hadi maabara.

Majina ya walioitwa chuo kikuu yalipotoka, la Akinyi halikuwemo. Alikuwa amekosa kidogo, kidogo cha kuudhi. Langoni mwa shule ya Juu rangi ilikuwa bado mbichi: WATAHINIWA WETU WOTE WAMEINGIA CHUO KIKUU. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi tulikuwa tumesifu sana.

Jumapili Mzee Odera alikuja kama kawaida. "Omera, ndugu yangu, nimesikia ni wote?"

"Wote, Bwana," Baba akasema. "Hakuna hata moja imebaki."

Akinyi alikuwa amesimama hapo na birika. Nami nikadakia kwa sauti ya mtu anayejua kusoma, "Hata Akinyi! Si ubao umeandika wote?"

Akinyi alimimina chai bila kumwaga tone, akamwuliza Mzee Odera anataka vijiko vingapi vya sukari. Na Mzee Odera, ambaye hakuwahi kumwachia Baba neno la mwisho, alitazama kikombe chake tu. "Ero kamano, nyathina," alimshukuru, asante mwanangu, na hakubisha jambo lolote siku ile.

Mimi niliingia shule ya Juu, kisha chuo kikuu. Mwaka wangu ubao ulipakwa maneno yaleyale, na safari hii nilikuwa ndani ya neno wote. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipong'amua kwamba nafasi yangu ilikuwa bei ya sahihi ya Baba, na kwamba dada yangu hakuwa mtahiniwa wao kwa sababu walimfuta kwanza, wakahesabu baadaye. Nikamkasirikia mwalimu mkuu miaka mingi. Baba nilimkasirikia zaidi.

Desemba iliyopita nilimtembelea Akinyi dukani kwake Ahero, anakouzia mchele, nikamwambia nimejua kila kitu. Nilitegemea atashangaa.

"Jioni ile ulitumwa chumvi, Baba aliniuliza mimi," alisema akiendelea kuchagua mawe kwenye ungo. "Alisema, niweke sahihi ama nisiweke? Ukikataa, Achieng hatapata. Sasa mimi ningesema nini? Nilikuwa na miaka kumi na saba."

Ndipo likanijia jambo ambalo lingepaswa kunijia zamani, maana nyumba ile ilihesabu walioingia udaktari na uwakili Jumapili baada ya Jumapili, hata watoto wa watu tusiowajua.

"Akinyi, wewe ulitaka kwenda kusomea nini?"

Alitupa jiwe nje ya mlango, akanitazama.

"Leo ndio unauliza?"