Gari la Baba Lililopakwa Rangi ya Milango

Leo asubuhi gari la jirani yangu limekataa kuwaka, na nakiri mbele yako, rafiki, kwamba nilifurahi.

Jirani huyu ni mstaafu wa benki, anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu hapa Mbeya, njia ya kushukia Mwanjelwa. Miaka miwili ameshinda uani kwake akifufua gari la zamani la Kimarekani lenye boneti ndefu na injini ya silinda nane, ambalo liliteremshwa kwenye lori likiwa kutu tupu. Kila nati imekuja na kifurushi chake, na kila kifurushi amekipiga picha akaituma kwenye kundi la mtaa, ambako hakuna aliyemuuliza. Watoto wakipita na mpira anawafukuza. Juzi nilisogea kulitazama, akaniambia, "Dada, samahani, usiliguse, mikono ina mafuta." Nilikuwa natoka kukaanga maandazi. Nilifuta mikono kwenye kanga nikarudi nyumbani, na tangu siku hiyo namdharau kwa moyo mweupe kabisa.

Maana mimi gari la kutu nalijua. La kwetu kijijini Kalenga liliachwa na mhandisi Mzungu wa barabara kuu kabla sijazaliwa, nalo lilikuwa Mmarekani hivihivi, mwenye silinda zake nane. Lilikaa nyuma ya nyumba, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma, na mimi kazi yangu kila jioni ilikuwa kuingia humo kuokota mayai, nikitoka na harufu ya panya na sponji iliyooza.

Baba alikuwa mwalimu wa kilimo, mtu ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli yenye breki. Siku wakwe watarajiwa wa dada yangu mkubwa walipotoka Mbeya kuja kumalizia mahari, mjomba wa bwana harusi, mtu wa mjini mwenye pikapu, aliuliza kwa upole wa dharau bibi harusi atafikaje kanisani. Baba alikuwa ameshakunywa vikombe viwili vya ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Akasema, "Mwanangu atafika kwa gari la kwao. Asipofika nalo, mje mchukue ng'ombe wenu." Jikoni mama aliacha kusonga ugali. Dada aliinamisha kichwa, na niliona machozi yakidondoka kwenye sinia la mchele aliokuwa anachambua.

Sasa mtu mwenye akili angetafuta fundi. Baba aliita mgowe, ile kazi ya kualikana ambayo kwetu huitwa wakati wa kulima, wenye shamba wakapika na kuandaa pombe, wanakijiji wakaja na majembe. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. Mama akamjibu, "Gari si chawa."

Walikuja watu zaidi ya ishirini. Waligawana gari kama wanavyogawana matuta, huyu mlango, yule gurudumu, na kila mtu alifungua kilichokuwa mbele yake. Wanaume walikwangua kutu kwa makali ya majembe. Wanawake walisugua bampa kwa majivu na mchanga kama sufuria, zikang'aa kweli, na hiyo ndiyo kazi pekee siku ile iliyofanywa na watu wanaojua wanachofanya. Nati zote, za injini, za milango, za viti, zilitupwa kwenye debe moja. Walipomaliza kufunga, debe lilikuwa bado nusu. Baba alilitazama akasema Wazungu huwa wanazidisha. Sakafu iliyooza ilizibwa kwa bati mbili zilizong'olewa kwenye paa la jiko, masika yenyewe, kwa hiyo miezi miwili tulipika huku mvua inatunyeshea mgongoni. Halafu wakalipaka rangi ya milango, ya kijani, kwa brashi, na nywele za brashi zikabaki humo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja na niliwadharau wote. Niliwaona wajinga walevi, na baba nikamwona mkubwa wao.

Siku ya harusi baba alizungusha ufunguo. Gari likakohoa mara moja, likatema kiota cha panya kwenye ekzosi, likanyamaza. Akazungusha tena na tena. Dada alikuwa nyuma na shela lake, haangalii mtu. Yule mjomba akafungua mlango wa pikapu yake, akasema, "Mwalimu, wapande tu hapa, padri hatatusubiri." Baba alibaki ameshika usukani. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo mgema wetu wa ulanzi, mzee aliyekuwa amelewa tangu saa tatu, akaweka kikombe chini, akaegemeza bega kwenye buti. "Wanyalukolo," akaita ndugu zake, "shamba halijaisha."

Walisukuma kilomita tatu, matope na kilima kimoja, wakiimba wimbo wa kulimia. Bibi, mama yake baba, naye alisukuma, na kanga kiunoni. Mimi nilikuwa nyuma hatua ishirini, najifanya mtoto wa wageni, akanigeukia akasema, "Mwenye aibu asukume, itapungua." Sikusukuma. Mbele kupitia kioo niliona dada amefunua shela, anacheka mpaka mabega yanaruka. Rangi, kwa masika yale, haikuwa imekauka. Kanisani watu zaidi ya ishirini walipiga makofi kwa viganja vya kijani, na ng'ombe walibaki zizini kwetu.

Gari halikuwaka hata siku moja baada ya hapo. Baba alipofariki likauzwa chuma chakavu, na mama akadai bati zake. Mwaka jana nilikwenda Kalenga, nikamkuta mpwa wangu anapalilia mahindi na vibarua watatu, kila mmoja na spika za masikioni. Nikamuuliza kuhusu mgowe. Akasema, "Shangazi, nani ana muda huo?"

Basi leo asubuhi jirani yangu alisimama barabarani, gari linang'aa, betri imekufa. Alitazama nyumba zetu moja moja. Hakuita mtu, maana hajui jina la hata mmoja wetu. Nilimdharau sana, nikiwa nimesimama getini na kikombe changu cha chai, nikingoja aone aibu vizuri. Njia yenyewe ni mteremko. Mabega mawili yangetosha. Akapiga simu, likaja gari la kuvuta, likamvuta akaondoka.

Chai ilikuwa imepoa. Nikatazama viganja vyangu, visafi kabisa, kama siku ile ya harusi.