Pikapu ya Baba na Suruali ya Baba Mdogo

Siku ile tulikuwa sita. Mimi Naomi, kifungua mimba. Mdogo wangu Elia. Mika, kitinda mimba wetu, aliyekuwa ameng'oka meno ya mbele. Mama Hoza, jirani yetu wa upande wa juu. Baba Mdogo, ndugu yake marehemu baba. Na bwana mmoja kutoka Mombo ambaye jina lake hatukuwahi kulijua, ila kanzu yake tunaikumbuka hadi leo. Ukimhesabu na kuku aliyekuwa akiatamia kwenye kiti cha dereva, tulikuwa saba.

Wenzangu mliokulia huku milimani mtanielewa nikisema kwamba enzi zetu neno polishi lilikuwa na maana moja tu. Ni ile nyekundu ya kopo, ya kusugulia sakafu. Jumamosi nyumba nzima ilinukia polishi. Tulipiga magoti tukasugua saruji ya sebuleni kwa kumbi la nazi, halafu mdogo kuliko wote akakalishwa juu ya kipande cha blanketi kuukuu na kuburutwa huku na huko mpaka sakafu ing'ae. Kwetu aliyeburutwa ni Mika. Alishika usukani wa hewa, akapiga honi kwa mdomo, akakata kona zote za kushukia Mombo bila kutoka sebuleni. Siku hizi mtoto ananunuliwa gari la betri na kufikia jioni ameshalichoka. Sisi mchezo wetu ulikuwa ndani ya kazi, na mama akapata sakafu ya kujitazamia.

Baba alikuwa na pikapu nyekundu. Aliteremsha nayo kabichi, karoti na peasi, akarudi na chumvi, mafuta ya taa na habari za watu. Kila alipoegesha alitoa kitambaa mfukoni akaipangusa, kwanza gari, ndipo yeye ale. Katika maneno yake yote, tulilolisikia zaidi ni hili: "Msiegemee gari!" Alilisema hata kabla hatujamwamkia. Tukicheza kombolela tuliruhusiwa kujificha chini yake, lakini bega la mtu lisiiguse.

Mama alitangulia, na baba akafuata kabla hatujavuna mahindi mara mbili. Mimi nilikomea darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza. Asubuhi moja nilikwenda shamba badala ya shule, na kesho yake nikaenda tena. Pikapu ilibaki pembeni mwa jiko, ikipigwa na jua la Januari na ukungu wa Juni. Wekundu wake ukaisha, ikawa na rangi ya ufizi. Ukiigusa, unga wa waridi ulibaki kiganjani. Kuku walikuwa wa kwanza kuona kwamba haina mwenyewe, wakahamia.

Ndipo Baba Mdogo alipokuja siku moja, akaizunguka, akatikisa kichwa.

"Ingekuwa na sura ya gari ningeiacha ikae, iwe kumbukumbu ya kaka. Hii imeshakuwa banda la kuku. Jumamosi nakuja na mtu wa chuma chakavu."

"Ndiyo, Baba Mdogo," tukajibu kwa pamoja. Mtoto wa enzi zile angejibu nini kingine? Wa leo angeuliza maswali matatu, na la tatu lingehusu haki zake.

Lakini usiku ule hakuna aliyemaliza makande yake. Elia alikuwa akiwaambia wenzake shuleni kwamba akikua ataiendesha. Mika hakumkumbuka baba sura. Alichomkumbukia ni harufu ya ndani ya ile pikapu. Mimi nilikuwa nimewapa ahadi kwamba kitu cha baba hakitatoka pale nyumbani nikiwa ninaona. Kumpinga mkubwa sikuweza, ila alikuwa amesema mwenyewe: ingekuwa na sura ya gari.

Kesho yake nikatembea hadi Lushoto mjini kwa fundi mmoja wa magari, nikamweleza. Hakutoa hata kichwa chini ya lori. "Rangi hiyo haijafa, imepauka tu. Ipigeni polishi, itarudi."

Nilirudi nyumbani mbio kama niliyepewa dawa.

"Fundi kasema imepauka," nikawaambia.

"Kama miguu ya Mika," Elia akasema.

"Basi tuipake mafuta," Mika akajibu, kwa kuwa ndivyo alivyofanyiwa yeye kila asubuhi.

"Siyo mafuta. Polishi."

Ikawa imeisha. Hatukuulizana polishi gani. Kwani zilikuwa ngapi? Nililitoa kopo la marehemu mama lililokuwa likisubiri Krismasi, na Mama Hoza akatuongezea la kwake bila kuuliza tuna shughuli gani. Ijumaa tuliiosha kwa jivu na sabuni ya mche. Kuku aliyekuwa akiatamia alikataa katakata kushuka, tukamwoshea dirisha lake naye akitutazama. Kisha tukapaka, tukasugua kwa kumbi la nazi, na mwishowe tukamkalisha Mika kwenye blanketi juu ya boneti, mimi huku, Elia kule, tukamburuta mpaka jua linazama. Pikapu iling'aa hata ungeweza kuchanulia nywele mbele yake.

Mama Hoza alikuja kuchungulia. "Jamani! Hili ni gari au sebule?"

Tukadhani ametusifu. Kitu tusichokijua ni kwamba polishi ya sakafu hunywewa na saruji. Kwenye bati hainywewi. Inakaa tu juu, inamsubiri mtu.

Jumamosi Baba Mdogo akatokea akiwa amevaa suruali rangi ya maziwa, imepigwa pasi hadi ule mstari ungekata mkate. Akitoka kwetu alikuwa anakwenda Gare kupeleka posa, na yeye ndiye msemaji wa ukoo. Nyuma yake alikuja yule bwana wa Mombo na kanzu nyeupe.

"Shikamooni."

"Marahaba."

Wakaizunguka pikapu. Bwana wa Mombo alishika kidevu. Baba Mdogo akakohoa. Halafu, kama wafanyavyo wanaume wawili wanaotaka kuzungumza biashara karibu na gari, wakageuka na kuegemea. Wote wawili. Wakajinafasi.

Elia akanikanyaga. "Dada, waambie."

"Waambie wewe."

"Wewe ndiye mkubwa."

Nilikuwa mkubwa kwa Elia, siyo kwa wale. Enzi zetu wakubwa wakiongea, mtoto alikaa kimya hata nyumba ikiungua, akasubiri wamalize ndipo aombe ruhusa ya kutaja moto. Tukasimama pale tumefunga mikono nyuma, tukitazama suruali ile ikizidi kuzama. Wao wakaongelea mvua, wakaongelea bei ya viazi.

Ndipo Mika, kwa sauti nzito ambayo sijui aliitoa wapi, akapaza:

"Mthiegemee gari!"

Meno hayakuwepo, lakini sauti ilikuwa ya baba. Baba Mdogo aliruka kama aliyeunguzwa. Akamtazama Mika muda mrefu, na uso wake ukawa wa mtu aliyeitwa na kaka yake.

Bwana wa Mombo alijitoa taratibu. "Mzee," akasema, "mimi nachukua yaliyokufa. Hili lina wenyewe." Akaaga, akageuka kushuka kilima.

Hapo Mama Hoza, aliyekuwa ukingoni mwa shamba lake, akakaa chini kabisa kwa kicheko. Kanzu ilikuwa na duara jekundu nyuma, kama jua la kuchwa. Baba Mdogo akacheka naye, mpaka alipoona Mama Hoza haachi kumnyooshea kidole yeye pia. Akajipapasa. Akautazama mkono.

"Naomi."

"Abee, Baba Mdogo."

"Hii ni nini?"

"Polishi, Baba Mdogo."

"Ya nini?"

"Ya sakafu."

Alifumba macho. Alipoyafumbua alituonya kwa kidole chekundu. "Sasa nisikilizeni. Gari hili halitoki hapa mpaka mnilipe suruali yangu."

Akaenda Gare hivyo hivyo. Tulikuja kusikia kwamba alipotoka kwa wakwe alitembea kinyumenyume hadi barabarani, nao wakamsifu sana kwa adabu. Posa ikakubaliwa.

Pikapu ipo hadi leo. Elia alifufua injini yake kwa miaka na miaka, na kuku wamejengewa kwao. Mwezi uliopita rangi ilikuwa imepauka tena, watoto wa Elia wakaja kuisaidia. Walitazama video nzima kwenye simu ya jinsi ya kuosha gari, ndipo wakaigusa ndoo. Wakavaa glavu na barakoa, mtu angedhani wanampasua mgonjwa. Wakaipiga msasa laini wa maji, wakaisugua kwa dawa yake ya kopo, wakaipaka nta. Imependeza, siwezi kuwanyima. Unaweza kuiegemea siku nzima na ukaondoka msafi kama ulivyokuja. Lakini hakuna aliyeburutwa juu ya boneti, na sikusikia honi ya mdomo.

Baba Mdogo alikuja na fimbo yake kuitazama. Alitandika gazeti kwanza, ndipo akaegemea.

"Naomi, suruali yangu?"

"Bado, Baba Mdogo."

Ukweli ni kwamba niliinunua zamani sana, kwa viazi vyangu vya kwanza. Ni rangi ya maziwa, imekunjwa kwa mstari wake. Niliwahi kumtolea mara moja. Aliona ncha tu ya kitambaa, akanizuia kwa fimbo.

"Rudisha ndani," akasema. "Sijaja kuchukua gari."

Nikairudisha. Iko sandukuni, na bado nadaiwa.