Ng'ombe Aliyebaki Mahali pa Mhoja

Mjukuu wangu huniletea maziwa ya mgando ya dukani, ya pakiti, na kila mara hunitazama usoni akingoja nimsifu. Namsifu, kwa nini nimvunje moyo? Lakini pakiti ile, ndugu zangu, haina moshi. Maziwa ya kwetu yalikuwa na moshi. Mama alikifukiza kibuyu kwa vijiti vya moto mpaka kikawa cheusi ndani, na maziwa yakigandia humo yalitoka na harufu ya jikoni na ya zizi kwa pamoja. Juzi jirani alifungua kibuyu cha namna hiyo uani kwake, upepo ukanivushia harufu yake, nami nikaketi kizingitini nikasahau nilikuwa nakwenda wapi.

Nilikuwa nimemkumbuka ng'ombe mmoja mwekundu, mwenye paji jeupe. Na nikimkumbuka huyo siwezi kuacha kumkumbuka kaka yangu Mhoja.

Tulikaa upande wa Ibadakuli, miaka ya thelathini ikielekea ukingoni. Zizi letu lilijaa ng'ombe, na mimi Kabula, kitinda mimba wa nyumba hiyo, nilikuwa na maringo ya binti wa tajiri. Niliwajua ng'ombe wote kwa majina. Nilipowatambia watoto wenzangu kwamba ni ng'ombe wetu, wakubwa walikohoa kidogo, wakatazama pembeni. Hakuna aliyenisahihisha.

Ng'ombe wale walikuwa wa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu. Sisi tulibilishwa tu. Hivyo ndivyo tusemavyo Usukumani tajiri anapokukabidhi ng'ombe wake uwachunge: maziwa unywe, samadi umwage shambani, lakini ndama akizaliwa ni wa mwenyewe. Na ng'ombe akifa unamchuna, unaiwamba ngozi juani, na ikikauka unaibeba begani kumpelekea mwenye mali aione kwa macho yake, asije akadhani umemuuza. Baba aliifanya kazi hiyo tangu ujana, na babu kabla yake. Baba akishaweka ngozi begani, miguu yenyewe ilishika njia ya kwa mwanangwa.

Mchungaji hasa alikuwa Mhoja. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuongea na ng'ombe zaidi ya watu. Alishapata msichana wa kuoa, binti mcheshi aliyekuwa akinisuka nywele ili apate sababu ya kuja kwetu. Mahari ndiyo iliyokosekana. Vijana wenzake walimtania kwamba anaswaga ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote Ibadakuli na hana hata mkia mmoja wa kwake. Alicheka nao. Mhoja alikuwa mwepesi wa kucheka, hata utani ulipomchoma.

Kisha vikaja vita. Mwanzoni vilikuwa maneno tu, yaliyoletwa na watu waliotoka mjini kuuza pamba: Mwingereza na Mjerumani wamegombana tena. Wazee waliobebeshwa mizigo katika vita vya kwanza walisikia, wakavuta ugoro. Halafu ikashuka amri kwamba kila mwanangwa apeleke vijana wenye nguvu. Ilisemwa ni hiari. Mwanangwa wetu hakuwa mtu mbaya, niseme haki yake. Wakati wa njaa aliwahi kutufungulia ghala. Ila naye alikuwa na wakubwa waliomkalia shingoni, na alikuwa na mtoto wa kiume, Nkwabi, rika moja na Mhoja, aliyenenepa vizuri na kusoma shule.

Asubuhi moja mwanangwa akaja kwetu mwenyewe, kwa miguu. Si kawaida. Mama alipiga magoti kumsalimu, "Mwangaluka, baba," kisha akamkimbilizia kigoda na bakuli la maziwa. Akanywa taratibu, akafuta midomo, akayasifu maziwa. Akaenda zizini, akasimama mbele ya yule ng'ombe wa paji jeupe, akamsifu ndama wake pia. Mimi nilifurahi. Niliona mtu mkubwa anasifu mali yetu.

"Baba Mhoja," alisema aliporudi kukaa, "malisho ya upande huu yamekwisha. Nafikiri niwarudishe ng'ombe wangu karibu na kwangu."

Baba aliinamisha kichwa. Bila ng'ombe wale tusingekuwa na maziwa wala samadi, na shamba letu bila samadi lilikuwa vumbi. Hata mimi nilijua hilo.

"Lakini mimi na wewe tumekaa pamoja miaka mingi," mwanangwa akaendelea. "Tukisaidiana, wanaweza kubaki. Na huyu mwenye paji jeupe nakupa kabisa, yeye na uzao wake. Awe wako, Mhoja aanzie mahari."

"Tusaidiane nini, baba?" aliuliza baba, ingawa sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua.

"Wanataka vijana."

Mama alikuwa bado amepiga magoti, macho chini kama mwanamke mwenye adabu anavyopaswa kuwa, na kutoka huko chini akauliza, "Na Nkwabi naye anakwenda?"

"Nkwabi macho yanamsumbua, Mama Mhoja."

Nilitaka kucheka. Macho ya Nkwabi! Nkwabi aliyekuwa akimdungua kanga kwa manati kutoka ng'ambo ya korongo, mpaka tukasema ana macho ya mwewe. Nikafungua mdomo kumkumbusha mwanangwa habari ya kanga, na mama, bila kuinua kichwa, akanifinya paja nikameza maneno.

Mhoja alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi. Akamtazama baba, ambaye hakuweza kumtazama. Akatazama lile kundi, mnyama mmoja mmoja. "Nitakwenda," akasema. Mwanangwa akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, na kusema kweli nilimwona machozi. Sijui alikuwa akimlilia nani.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza Mhoja mpaka stesheni ya Shinyanga. Kwangu ilikuwa sikukuu. Sikuwa nimewahi kuliona garimoshi kwa karibu, na kaka yangu ndiye aliyekuwa akipanda! Walikuwepo vijana wengi: wachunga ng'ombe wa watu, watoto wa wajane, na wengine waliokuwa wamekwenda Geita kutafuta dhahabu wakarudi na vikohozi. Mtoto wa karani hakuwepo, wala wa mwenye duka. Nkwabi alikuja kumuaga. Walikuwa wamekua pamoja, wakiogelea kwenye bwawa moja. Alimshika Mhoja mkono akashindwa kuuachia, akalia mbele za watu bila aibu, na Mhoja ndiye aliyembembeleza. Nilimwona Nkwabi mpuuzi. Leo namwonea huruma. Hata yeye hakuulizwa.

Tukarudi nyumbani na ng'ombe wetu. Sasa alikuwa wetu kweli, na mtu wa kwanza kubadilika alikuwa mama. Asubuhi aliamka akaenda zizini kabla hajawasha moto, akamsalimu yule ng'ombe: "Umelalaje?" Alimfuta paji lake kwa kanga yake. Alikwenda mpaka kwenye ngitili, malisho yale tunayoyahifadhi kwa ajili ya kiangazi, akamkatia majani mabichi akayaleta kichwani. Mvua iliponyesha alimwingiza chini ya paa letu, na mimi nikahamishiwa kona inayovuja. Nilinuna sana. Nilimwambia baba kwamba mama anampenda ng'ombe kuliko mimi. Baba akasema, "Mwache mama yako," basi. Na maziwa mama hakuyagusa tena, ya ng'ombe yule wala ya wengine. Nilidhani ananiachia mimi, nikanywa mpaka tumbo likang'aa.

Nilikuwa mdogo, sikuona kitu kilichokuwa wazi kabisa. Habari za Mhoja hazikuja. Mama alikuwa ameweka moyoni kwamba maadamu ng'ombe yule anapumua, na mtoto wake huko aliko anapumua.

Halafu ikaja sotoka, ule ugonjwa unaofyeka zizi zima. Ng'ombe wa paji jeupe aliugua, macho yakamtoka machozi, akaacha kula. Mama alikaa naye mavumbini akimwita kwa jina ambalo halikuwa lake. Alimwita Mhoja. Ng'ombe alipokufa, mama alitoa kilio cha msiba, majirani wakaja mbio wakiuliza nani amekufa, na walipoonyeshwa ng'ombe hawakucheka hata mmoja. Wanawake walikaa chini pamoja naye.

Baba alimchuna, akaiwamba ngozi. Ilipokauka akaitungua, akaiweka begani na kutoka. Alikuwa ameshavuka ua na kushika njia mama alipomwita.

"Baba Mhoja! Unampelekea nani?"

Baba akasimama. Akageuka kulia, akageuka kushoto, ngozi imemkaa begani. Mali ilikuwa yake na hasara yake. Katika dunia nzima hapakuwa na mtu wa kuonyeshwa ngozi ile. Mimi nilicheka, kwa sababu baba alionekana kama mtu aliyepotea mbele ya ua wake mwenyewe. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika, nikaacha kucheka. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia.

Mhoja alirudi. Naam, alirudi, vita vilipokwisha, mzima, ila sikio moja halikusikia tena. Mama alimshika uso kwa mikono miwili akaukagua kama mtu anayenunua kitu, na tangu siku hiyo akaanza tena kunywa maziwa. Yule binti mcheshi alikuwa ameshaolewa kwingine. Mwanangwa mzee alikuwa amefariki, Nkwabi amekalia nafasi yake, na kwa kuwa sotoka ilimmaliza na yule ndama wetu, ng'ombe wote walionusurika katika zizi letu walikuwa wa Nkwabi. Mhoja akapumzika kidogo, kisha akachukua fimbo.

Mimi nilipokwisha kuolewa na kupata watoto, nilikwenda nyumbani kusalimia, nikamfuata malishoni. Nikakaa upande wa sikio lake zima, nikamuuliza jambo ambalo hatukuwahi kumuuliza.

"Kaka, ulipigana na nani huko?"

Alifikiri. "Walituambia ni Wataliano. Lakini Wataliano walikuwa nyuma. Mbele waliwekwa watu weusi, kama sisi." Akachokonoa ardhi kwa fimbo. "Siku moja nilipewa mateka nimlinde. Hatukuelewana hata neno. Chini ya kilima likapita kundi la ng'ombe, halina mtu. Akapiga mluzi, wakasimama."

"Wote?"

"Wote. Nami nikapiga wangu, wakaanza kupanda kuja kwetu. Tukacheka, Kabula, mimi na bunduki yangu, yeye na kamba mikononi. Nikamwonyesha kwa vidole: wewe unao wangapi? Akanifungulia viganja. Vitupu."

Niliona kwamba asubuhi ile mwanangwa alipokuja kwetu kunywa maziwa, huko mbali nako kulikuwa na mwanangwa mwingine, ameketi kwenye kigoda cha watu, anamsifu ndama. Na mama mwingine alikuwa amepiga magoti akiuliza swali.

Mhoja akatazama jua, akainuka akajipangusa majani.

"Twende," akasema. "Nkwabi hapendi ng'ombe wake wacheleweshwe."