Mama Mkwe wa Prezidenti

"Mama Atim, huyo mkwe yako alimwambia nini chifu ya ng'ambo, mpaka leo tunapanga foleni kwa kisima yetu wenyewe?"

Mzee Othieno ndiye aliyeuliza hivyo. Alikuwa jirani yetu, mtu wa Nabuyoga aliyehamia kwetu zamani. Ilikuwa asubuhi ya msimu wa pamba, mwaka 1955. Aliyeulizwa ni rafiki yangu Asekenye. Alikuwa amekaa mkekani anachambua pamba, safi mkono wa kulia, fifi, ile yenye uchafu, mkono wa kushoto, na hakuinua kichwa.

"Mzee, hamu yangu ya kujua inapita yako," akasema. "Lakini nimwulize kwa mdomo gani?"

Wote tuliokuwa pale tukacheka. Kwetu Wateso mama mkwe hatazamani na mume wa binti yake. Wakikutana njiani, mama hujifunika kitambaa usoni akaingia majanini, na mwanamume naye hugeuza baiskeli. Hawanywi pombe ya mrija kwenye chungu kimoja, na neno likiwapo kati yao hupitia kwa mtu wa tatu. Okiror, mkwe mwenyewe, alikuwa amemwoa binti yake Atim miaka tisa, na kwa miaka hiyo yote Asekenye hakuwa ameona kwake zaidi ya visigino.

"Hata kwetu Wajopadhola iko," akasema Othieno. "Lakini sisi tunakimbia na adabu. Nyinyi mnaingia mpaka kwa mihogo ya watu."

"Mihogo yako niliikanyaga mara moja tu, na nilikuja kuomba msamaha."

"Uliomba msamaha, ndiyo, halafu ukauliza kwa nini napanda mihogo kwa mstari na si kwa duara. Ulikaa hapo mpaka jua ikaingia."

Asekenye alikuwa hivyo. Mimi nilifika darasa la nne kwa masista, naye hakukanyaga shule, lakini kama kuuliza kungekuwa darasa, yeye ndiye angetufundisha. Siku moja padre alitusomea habari za watu elfu tano waliolishwa nyikani. Baada ya misa Asekenye akamngojea mlangoni. "Padre, mikate na samaki nimeelewa, ni uwezo wa Mungu. Lakini vile vikapu kumi na viwili vya makombo, nani alikwenda navyo nyikani?" Padre alicheka, akamwambia atamjibu Jumapili ijayo. Jumapili nyingi zimepita tangu hapo.

Alikuwa mjane. Riziki yake ilikuwa odi, ile karanga ya kusagwa pamoja na simsim. Aliisaga juu ya jiwe alilorithi kwa mama yake, akaipakia kwenye vibuyu, na kila siku ya soko akavuka kwenda Busia ya upande wa Kenya, maana upande wetu kila mwanamke anasaga ya kwake na hakuna wa kununua. Mkeka wake pale sokoni ndio uliokuwa shamba lake, ng'ombe wake na mume wake.

Sasa niseme habari ya Umoja. Ulikuwa chama cha koo zetu za mpakani, cha kuangalia mazishi, visima na ugomvi wa malisho. Kiongozi wake tulimwita Prezidenti. Jina la mwenyekiti tulilikataa, kwa sababu hata chama cha mpira kilikuwa na mwenyekiti. Prezidenti wa kwanza alikuwa Okiror. Wazee walimchagua kwenye chungu cha pombe, kwa kuitikia tu.

Mwaka wa tatu wa uongozi wake, ukame ulishika upande wa Kenya. Okiror akavuka mara nne kuzungumza na chifu wa kule. Mara ya nne alirudi na mambo mawili. La kwanza, makubaliano kwamba watu wa ng'ambo watanywesha ng'ombe wao kwenye kisima chetu kila siku kuanzia saa sita mchana, mpaka mvua zitakaporudi. La pili, kiti cha kukunja cha turubai, zawadi ya chifu, amekifunga nyuma ya baiskeli mchana kweupe.

Wazee wakamwuliza, "Na sisi tumepata nini?"

Akajibu, "Tumepata ujirani mwema."

Hapo ndipo mji ulipogawanyika. Elungat, mtu mwenye sauti ya kengele, akasema anautaka uprezidenti, na siku atakapoupata atafunga kisima kwa miiba. Kila mahali palipokuwa na watu wawili kulikuwa na mjadala. Watu wa Elungat walimwita mkwe wa rafiki yangu Prezidenti Kiti. "Ameuza maji kwa turubai!" walisema. Wengine tulisema ujirani mwema si kitu kidogo. Nami niliwakumbusha Isaka, jinsi wachungaji walivyomgombania visima, akahama na kuchimba tena mpaka Bwana akampa nafasi. Elungat akanijibu, "Mama, Isaka alihama. Sisi tuhamie wapi, ziwani?"

Asekenye hakuwa upande wowote. Mtungi wake mwenyewe ulichelewa kujaa kwa sababu ya ng'ombe wa wageni, na hilo lilimwudhi. Lakini alilosema lilikuwa moja tu: "Mtu hawezi kuvuka mara nne kwa ajili ya kiti. Kuna neno hapo katikati. Nataka kulijua neno lenyewe."

Alimtuma Atim amwulize mumewe. Atim akarudi na jibu: "Anasema mama asage karanga zake kwa amani."

"Karanga zangu zimeingiaje hapo?" akauliza Asekenye. Swali hilo alilala nalo, akaamka nalo.

Siku ya soko iliyofuata tulivuka pamoja, mimi nina mayai, yeye ana vibuyu vyake. Mwaka ule upande wa Kenya walikuwa wameanza kudai cheti kwa kila mchuuzi anayetoka Uganda, na cheti chenyewe kilitolewa mbali, kwa Kiingereza. Mbele yetu kulikuwa na mama mmoja kutoka Lumino, upande wetu, na kapu la samaki. Askari wa soko, Omaido, akamwomba cheti. Hana. Akarudishwa na samaki wake, analia.

Ikafika zamu yetu. Omaido akauliza kwa sauti ya chini, "Nyinyi ni wa kisima?"

"Wa kisima," nikajibu.

"Piteni."

Nilipita. Asekenye akasimama palepale, kibuyu kichwani. Nikajua tumekwisha.

"Mwanangu," akamwambia askari, "yule mama umemwuliza karatasi, sisi umetuuliza maji. Kwa nini?"

"Mama, pita tu."

"Nitapita. Kwa nini?"

Omaido akaangalia kushoto na kulia. "Wewe mama, utanifukuzisha kazi! Ni amri ya chifu. Watu wa kijiji kilichotupa maji wasiulizwe cheti. Prezidenti wenu ndiye aliyekata maneno hayo. Lakini Bwana DC hajui. Akisikia chifu amefungua mlango bila ruhusa, chifu atavuliwa kofia, mimi nitavuliwa viatu, na nyinyi hamtakanyaga hapa tena. Sasa nakuomba, pita!"

Tukatandika mikeka yetu. Asekenye aliuza vibuyu viwili bila kumwuliza mnunuzi anatoka wapi. Mwisho akasema, "Kumbe alivuka mara nne kwa ajili ya mkeka huu."

"Si angesema tu!" nikamwambia. "Wanamtukana bure."

"Akisema leo asubuhi, jioni Elungat amekwisha kulitangaza sokoni, na kesho DC analo. Hawezi kujitetea, dada. Akijitetea, anatuua sisi." Akafunika kibuyu, akafunua tena. "Na akishindwa na Elungat kwenye uchaguzi, kisima kinafungwa, cheti kinarudi. Kwa vyovyote nitarudi nyumbani na karanga zangu kama yule mama wa samaki."

Hatukula kiapo, maana Bwana amekataza viapo. Tulinyamaza tu, na kwa mwuliza maswali kama yeye ilikuwa ni funga kali kuliko ya Kwaresima. Watu walikuja mkekani wakisema hili na lile juu ya mkwe wake, naye akachambua pamba, safi huku, fifi huku, midomo ameibana.

Mzee Othieno alipenda kupiga hesabu za kura. Uchaguzi wa safari hii ulisimamiwa na karani kutoka gombolola, yaani ofisi ya tarafa, kijana wa kusoma aitwaye Ikwap, naye aliamuru tupige kura kwa mistari: wagombea wasimame uwanjani mbele ya kanisa, na kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, ajipange nyuma ya amtakaye. Siku mbili kabla, Othieno alikuja na kijiti chake, akachora chini.

"Elungat ana ukoo yake na watu ya bondeni. Okiror ana ukoo yake, na sisi wageni. Wanalingana. Lakini Okiror amekwisha."

"Kwa nini?" Asekenye akauliza haraka.

"Wanawake wa ukoo yako wako wangapi, mama?"

"Thelathini na zaidi."

"Na wote ni nani kwake?"

Asekenye akaweka chini pamba aliyoishika. Wote walikuwa mama zake Atim, wakubwa na wadogo. Wote walikuwa mama wakwe wa Okiror. Hakuna hata mmoja ambaye angeweza kusimama nyuma ya mgongo wake, akimkodolea kisogo mbele ya kijiji kizima. Mwaka ule wa chungu cha pombe hakuna aliyefikiri jambo hilo, kwa sababu hapakuwa na mistari. Karani alipoamuru mistari, sote tuliona ni ustaarabu, tukaitikia ndiyo.

"Yeye mwenyewe aliitikia," akasema Othieno, na safari hii hakucheka. "Anajua kuongea na chifu ya Kenya, lakini amesahau mama mkwe."

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, na mwamba wa Tororo ulionekana wazi kama umesogezwa karibu. Elungat alisimama upande wa kulia wa uwanja, Okiror upande wa kushoto, amekunja kiti chake na kukiegemeza mguuni. Sijui kwa nini alikuja nacho. Nafikiri hakutaka kuonekana anakificha. Mistari ikaanza kurefuka. Mimi niliingia wa Okiror, maana ukoo wangu ni mwingine.

Wanawake wa ukoo wa Asekenye walibaki wamejibanza ukutani mwa kanisa, vitambaa usoni, zaidi ya thelathini. Mstari wa Elungat ulikuwa umeanza kutupita, na watu wake wakapiga vigelegele.

"Oneni! Hata mama wakwe wamemkataa!"

"Prezidenti Kiti, kaa chini!"

"Mama Atim, njoo huku! Huku hakuna aibu!"

Kweli mmoja wa wale wanawake, binamu yake Asekenye, alianza kuvuta miguu kuelekea kwa Elungat, kwa sababu mtu hupenda kuhesabiwa mahali fulani. Ikwap akachukua kalamu, akasema wasio na mstari hawatahesabiwa.

Ndipo Asekenye alipotoka ukutani. Alitembea kinyumenyume, kitambaa kichwani, mgongo ameuelekeza kwa mkwe wake, uso kwa wenzake wa ukutani, akinyata kama mtu anayepima kiwanja. Watoto walicheka. Alipishana na nguzo ya kengele kwa kidole kimoja. Alipomfikia karani akasimama, akaongea naye bila kugeuka.

Matokeo niyaseme hapa, kwa sababu anayesoma anaweza kuwa na haraka. Okiror alirudi kwenye uprezidenti, akimzidi Elungat kwa watu kumi na saba. Elungat alinung'unika mwezi mmoja, kisha akaanza kuuza maziwa ng'ambo, na askari hakumwuliza cheti, naye hakuuliza kwa nini. Kisima hakikufungwa. Sasa ni mwaka 1961, chifu yule amekwisha kustaafu na sharti la cheti limekwisha kuondolewa, ndiyo maana naandika. Asekenye Mungu alimwita mwaka jana, kabla ya mvua. Jiwe lake la kusagia analo Atim. Siku ya mazishi Okiror alichimba kaburi tangu alfajiri, na Atim aliniambia kwamba alipokuwa ndani ya shimo alimwuliza yeye, Atim, mama yake alikuwa na uso wa namna gani.

Kijana Ikwap alikuwa mwangalifu. Kila lililosemwa uwanjani siku ile aliliandika katika daftari la Umoja. Nimekwenda kulitazama. Maneno ya rafiki yangu yaliyoko kwenye karatasi duniani ni haya tu, aliyomwambia karani akiwa amempa mgongo:

"Naomba Okiror aende akasimame nyuma ya kanisa, mahali pake pawekwe kile kiti chake, na sisi mama wakwe zake turuhusiwe kupanga mstari nyuma ya kiti."