Shukrani za Mzee Meitamei

Ochola alikuwa mtu wa kucheka ovyo hata kazini, na kazi yenyewe haikuwa na la kuchekesha: kulinda kizuizi cha mifugo nje ya Kitengela. Katika kiangazi kikali cha mwaka 2000 amri ya karantini ilitoka. Ugonjwa wa miguu na midomo umeingia, ng'ombe yeyote asivuke. Ilikuwa amri halali, na mtumishi wa serikali akiikaidi ana kosa la jinai.

Basi Ochola akafungua kizuizi. Aliwakagua midomo ng'ombe wa rafiki yake Mzee Meitamei, waliobaki mbavu tupu, kisha akawaachia wakanywe maji mtoni ng'ambo. Umbea ukafika ofisini, akashtakiwa katika mahakama ya Kajiado.

"Baba Cindy, wewe kataa tu," mkewe Selpha alimsihi. "Hakuna mtu alikuona. Ukifungwa, mimi na mtoto tutaenda wapi?"

Mahakamani akakana mashtaka. Mashahidi wa serikali wakababaika, maana kila mmoja alikuwa amesikia kwa mwenzake. Ochola akaanza kupumua. Hapo ndipo Mzee Meitamei, Mungu ambariki, aliposimama kule nyuma na shuka yake safi, mkononi ana nyasi mbichi za baraka, ambazo sijui alizitoa wapi kwenye ukame ule.

"Mheshimiwa, mimi nimekuja kusema asante. Ng'ombe yangu ilikuwa inakufa, huyu kijana akatufungulia. Serikali imuandike vizuri, ni mtu mzuri sana!"

Selpha akafunika uso. Mwendesha mashtaka alikaribia kucheza ngoma. Hakimu akamgeukia Ochola.

"Unamjua mzee huyu?"

Angesema hapana, mzee angeonekana amechanganyikiwa na kesi ingekwisha. Ochola aliutazama ule mkono na zile nyasi. Alimpenda yule mzee, na kumkana mbele ya watu hakuweza.

"Namjua, Mheshimiwa. Ni rafiki yangu. Amesema ukweli."

Kazi ikamponyoka. Badala ya jela alipewa kufagia uwanja wa mahakama kwa miezi sita. Asubuhi ya kwanza alimkuta Meitamei langoni. Mzee huyu, ambaye kwao kufagia ni kazi ya wanawake, alikuwa ameshika ufagio kama fimbo ya kuchungia.

"Sopa," mzee alimsalimu kwa Kimaasai, macho chini. "Hii kitu inashikwa aje?"

Ochola akacheka mpaka akalia, kisha akamwonyesha.